Dereva wa basi naye awe na siku ya kustaafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nimekuwa nikisoma habari za kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya wastaafu, muda mrefu sasa. Walimu wanalalamika, manesi wanalalamika, wabunge wanasimama bungeni. Nawaunga mkono kabisa, maana mtu aliyetumikia wananchi miaka 35 hastahili kuzungushwa mwishoni. Mwaka 2022 mkupuo, yaani sehemu ya mafao anayolipwa mstaafu kwa mara moja, uliwekwa asilimia 33, mwaka 2024 serikali ikaupandisha kufikia asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa wanapata 50, na mjadala bado haujaisha. Ila mimi nimetoka kwenye kazi ambayo wengi wetu hatuna hata hicho cha kukokotolewa. Nilikuwa dereva wa basi, njia ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Niliacha usukani nikiwa na miaka 56, kwa kutaka mwenyewe, leseni ikiwa hai na tajiri mwenye gari akiwa bado ananihitaji. Nataka kueleza kwa nini niliacha, na kwa nini wenzangu wengi hawawezi kuacha hata wakitaka, kwa sababu jambo hili linamgusa kila anayekata tiketi pale stendi ya Mbezi Luis, Dar es Salaam.

Mtumishi wa umma anajua tangu anaajiriwa kwamba akifika 55 anaweza kuondoka kwa hiari, na akifika 60 anaondoka kwa lazima. Tarehe yake ipo kwenye faili. Dereva wa basi la mtu binafsi, kwa sehemu kubwa, hana faili. Leseni yake inahuishwa kila baada ya miaka mitano, na katika mara zote nilizohuisha ya kwangu hakuna aliyeniuliza, "Baba, unafikiria kuacha lini?" Tajiri haulizi, maana dereva mzoefu ni faida kwake. Mke anaogopa kuuliza, maana posho ndiyo inayoendesha nyumba. Stendi vijana wanasema dereva hastaafu, ajali ndiyo inayomstaafisha, halafu wanacheka. Nimezika wenzangu kadhaa waliostaafishwa hivyo, pamoja na abiria wao. Yale maneno siwezi kuyachekea.

Mimi nilianza kulifikiria jambo hili kwa uzito mwishoni mwa 2023. Wasafiri wa siku nyingi watakumbuka kwamba kwa miaka mingi mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha. Ikigonga saa sita usiku, popote ulipo unapaki, abiria wanalala kwenye siti, alfajiri mnaendelea. Kuanzia Oktoba 1, 2023 safari za saa 24 zikaruhusiwa. Sina ugomvi na uamuzi huo. Mfanyabiashara anayeondoka Mbeya jioni anaamkia Kariakoo, anafanya manunuzi, usiku unaofuata yuko njiani kurudi. Mgonjwa mwenye miadi Muhimbili haingii gharama ya kulala gesti. Ni faida kubwa. Lakini kwa sisi wenye umri mkubwa, kazi ilibadilika pale pale. Macho yaliyokuwa yanatosha kwa kazi ya mchana na ya jioni yakapelekwa usiku wa manane.

Anayeijua njia ile anajua kipande cha Mafinga hadi Makambako. Unapita misitu ya Sao Hill, misonobari kushoto na kulia, baridi kali, na miezi ya katikati ya mwaka ukungu unashuka hadi kwenye lami. Malori ya Tunduma, yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo, yanakuja mfululizo, na madereva wengine hawapunguzi taa hata uwaashirie vipi. Nikiwa kijana, lori likinipiga fulu nilikuwa naangalia mstari mweupe wa pembeni, linapita, naendelea na barabara yangu. Nilipofika miaka 56 taa ile ilikuwa haipiti na lori. Lori limeshakwenda, lakini mbele yangu pamebaki duara la mwanga lenye mistari, na ndani ya duara lile barabara haipo. Inachukua muda mfupi tu kurudi. Ila basi lililo kwenye kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, na nyuma yangu watu wamelala wameniachia roho zao.

Kwa safari kama ile, inayozidi saa nane, sheria inataka madereva wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye adabu, ananiita Mzee. Nilikuja kugundua kwamba kila tukifika Iringa, pale Ipogolo, kabla sijasema neno anakuwa ameshavaa koti lake na amesimama pembeni yangu. "Mzee, pumzika kidogo, mimi nakusogezea hadi Igawa." Ule mwendo wa Iringa hadi Igawa ndio usiku wenyewe. Yeye anachukua sehemu ngumu yote, mimi ananibakizia Chimala na Uyole kukiwa kunapambazuka. Hakuwahi kunieleza sababu, na mimi sikumuuliza. Tuliheshimiana hivyo. Lakini nilielewa kwamba kijana ameona, na kwamba hivi sasa anabeba kazi ya watu wawili kwa posho ya mtu mmoja.

Nikaenda kupima. Daktari aliniambia mtoto wa jicho unaanza jicho la kulia, si jambo la kutisha, ukizidi kusumbua unatolewa na mtu anaona vizuri. Akasema kwa shughuli za mchana hakuna tatizo. Niliporudi nyumbani nilimweleza mama watoto, tukakaa na daftari usiku ule. Hatukuzungumza sana habari za macho. Tulizungumza habari za michango.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, Mhariri, na ndipo ninapoomba wasomaji wanivumilie kidogo.

Sisi wa sekta binafsi mfuko wetu ni NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi mpaka siku yake ya mwisho, anatakiwa awe amechangia si chini ya miezi 180. Hiyo ni miaka 15. Akifika umri wa kustaafu na miezi 120 au 170, hapati pensheni ya kila mwezi. Anapewa mkupuo wake, yamekwisha. Sasa chukua umri wa lazima wa miaka 60, toa 15. Unapata 45. Dereva anayefikisha miaka 45 bila mchango hata mmoja, mlango wa pensheni ya miaka 60 unajifunga hapo hapo, na hakuna anayempigia simu kumwambia. Anaendelea na ruti zake, ana nguvu, ana posho, anasomesha, na wala hajui kwamba ameshachelewa. Watu wanadhani mtu anaamua kustaafu akiwa mzee. Kwa kazi yetu uamuzi unafanyika miaka 15 kabla, na mara nyingi anayeufanya ni tajiri, kwa kutokuandika jina lako.

Mimi niliokoka kwa jambo moja. Tajiri wangu wa mwanzo, ambaye simtaji, alikuwa anatukata kila mwezi akisema ni ya NSSF. Tulimwamini, maana alikuwa mtu wa kusalimia kila mtu na kuchangia misiba. Siku moja nilipita ofisi za mfuko kwa shida nyingine kabisa, nikaomba taarifa ya michango yangu. Karatasi ilitoka na miezi ya mwanzo michache, kisha pakawa peupe. Fedha ilikatwa, haikufika. Tulikwenda madereva kadhaa kumdai. Wengine waliogopa kupoteza gari wakarudi nyuma, nami siwalaumu, wana watoto. Ililipwa sehemu, sehemu nyingine mpaka leo haijulikani ilipo. Tangu hapo niliapa kwamba sishiki usukani wa mtu asiyenipa mkataba wa maandishi, na kila baada ya miezi mitatu nilikuwa naangalia michango yangu mwenyewe. Siku hizi kazi hiyo inafanyika kwa simu, hakuna haja ya kupanga foleni. Nilipokaa na mama watoto na lile daftari nilikuwa nimeshavuka miezi 180 na zaidi. Pensheni yenyewe si kubwa, lakini ipo, na ndiyo iliyonipa mdomo wa kumwambia tajiri wangu wa mwisho, "Bosi, nakushukuru, mwisho wa mwezi huu nakabidhi gari."

Kwa nini si kubwa? Hapa pana ujanja ambao wenye mamlaka wanapaswa kuumulika. Dereva ana fedha za aina mbili. Kuna mshahara wa kwenye karatasi, halafu kuna posho ya safari anayopewa mkononi. Chukua mfano wa dereva ambaye kwa mwezi mzima anaingiza shilingi 900,000. Kwenye karatasi imeandikwa 300,000, zilizobaki ni posho. Mchango ni asilimia 20, sehemu ya mwajiri na ya mfanyakazi zikijumlishwa. Asilimia 20 ya 300,000 ni 60,000. Ya 900,000 ingekuwa 180,000. Yaani kila mwezi dereva huyu anawekewa theluthi ya kinachomstahili, na pensheni inakuja kupigwa kwa mshahara ule mdogo wa karatasi. Vijana wengi wanaupenda utaratibu huu kwa sababu fedha ya mkononi inaonekana leo. Nawaelewa. Nami niliupenda nilipokuwa na umri wao, wazee wa wakati ule walituambia na hatukuwa na masikio. Lakini sheria isiache jambo hili kwenye masikio ya kijana wa miaka 28.

Kuna kaka yangu mmoja wa kazi, si wa damu. Ndiye aliyenifundisha ile njia. Ana miaka 66 na bado anaendesha. Matajiri aliowatumikia wakati wa ujana, mmoja alifariki, watoto wakauza magari wakagawana, mwingine alifilisika. Hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi. Mwaka jana tulikaa kwenye mgahawa wa stendi tunakunywa chai, nikamuuliza, "Kaka, utaacha lini?" Alikoroga chai muda mrefu bila kujibu. Kisha akasema, "Nikiacha Jumatatu, Jumanne wajukuu wanakula nini?" Alikuwa anauliza kweli, akanitazama kama mtu anayesubiri nimpe jibu. Sikuwa nalo. Usiku ule alikuwa na gari la saa mbili.

Abiria anayepanda gari lile anaona mzee mwenye mvi, anafurahi, anasema leo tuna dereva mzoefu. Na ni kweli, uzoefu upo, hakuna mtu anayeijua barabara ile kumzidi. Lakini mwili wa miaka 66 saa tisa usiku ni mwili wa miaka 66. Polisi wa usalama barabarani wanasimama na tochi kupima mwendo. Mizani inapima uzito. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inafuatilia mabasi kwa mtambo wa VTS, ukizidisha mwendo wanakuona wakiwa ofisini. Yote ni mazuri, nimeyaona yakipunguza wazimu uliokuwepo. Lakini hakuna chombo kinachopima kwamba mtu huyu yupo kwenye usukani kwa sababu hana mahali pengine pa kwenda. Hiyo nayo ni hatari ya barabarani, sawa na tairi kipara.

Sasa ombi langu, na nalielekeza kwa LATRA, NSSF na Wizara yenye dhamana ya kazi kwa pamoja, maana kila mmoja peke yake atasema si la kwake. Basi haliingii barabarani bila bima. Haliingii bila kukaguliwa. Haliingii bila leseni ya usafirishaji. Basi lisipewe leseni hiyo, wala isihuishwe, mpaka mwenye gari aonyeshe majina ya madereva wake, mikataba yao, na risiti za michango yao, na mchango upigwe kwenye kipato chote pamoja na posho. Sioni ugumu wake. Siku hizi dereva anatambuliwa kwa kitufe chake cha utambulisho kabla gari halijaondoka, kwa hiyo inajulikana nani ameendesha na kwa saa ngapi. Mtambo unaojua kwamba fulani aliendesha kutoka Dar hadi Mbeya usiku wa jana unashindwaje kujua kama fulani huyo ana mchango wa mwezi huu?

Matajiri watasema nauli ni ndogo na mafuta yamepanda. Watu wa njia ya Morogoro na Dodoma wataongeza kwamba tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 abiria wamepungua. Nayajua haya, nimeishi na matajiri, wapo waungwana wengi. Lakini huyo huyo anayesema hana fedha ya mchango, dereva akichoka akaangusha gari ananunua jipya, anagharamia mazishi na kesi. Hesabu hiyo haifanyi mpaka yamfike.

Jambo la pili, watu kama yule kaka yangu wasitupwe. Ukimwambia leo shuka, unamuua. Apewe kazi inayolingana na umri wake. Kijana anatoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo na cheti chake safi, anajua sheria, anajua gari. Lakini Kitonga, ule mlima mkali wa njia yetu, hajaijua. Ukitoka Mbeya kwenda Dar unaishuka, kona moja inakupeleka kwenye nyingine, ukuta upande huu na bonde upande ule. Kijana akiwa na haraka anaishuka kwa breki, kila kona anakanyaga, mpaka harufu inaingia ndani ya gari na abiria wanaanza kuulizana nini kinaungua. Mzee anaingiza gia ya chini kabla hajaanza kushuka, ile ile ambayo angepandia, anaiacha injini imshikie gari, na mguu anauweka kwenye breki kwa kugusa tu. Hata haya magari mapya yenye ritada, kifaa cha kusaidia breki kupunguza mwendo, yanahitaji mtu anayejua aiwashe wakati gani na mvua ikinyesha aiache. Hilo halifundishwi darasani kwa siku moja. Kila kampuni kubwa ingekuwa na wazee wawili watatu wanaokaa pembeni ya vijana mchana, kwa mshahara, wakiwa na mikataba na michango, tungepata faida mara mbili.

Kwa madereva wenzangu wanaosoma barua hii, najua mnasubiri nini. Mnasubiri mtoto wa mwisho amalize. Nami nilisema hivyo. Mtoto wa mwisho atamaliza chuo, atarudi nyumbani hana kazi, ataleta mchumba, atakuja mjukuu. Nyumba haiishi mahitaji hata siku moja, kwa hiyo usiifanye ndiyo saa yako ya kuondokea. Angalia michango yako leo kabla hujalala. Ukiikuta ina mapengo, kaeni watatu wanne mwende kwa tajiri mkiwa pamoja, kwa heshima, msiende mmoja mmoja. Ukiwa hujafika 45 bado una nafasi kamili. Ukiwa umeshapita, changia hivyo hivyo, mkupuo si haba, na anza kutengeneza kitu kingine ambacho mkeo au mtoto anakisimamia wakati upo safarini. Mimi nilianza shamba la viazi hapa Uyole nikiwa bado naendesha, mama watoto ndiye aliyelikuza. Mwaka wa kwanza baada ya kuacha kazi lilitusaidia kuliko pensheni, kwa sababu malipo ya kwanza yalikawia.

Na kipimo cha macho msikikimbie. Kinachukua muda mfupi kuliko kubadilisha tairi, na hakuna anayelazimika kujua majibu yake zaidi yako na daktari wako. Mimi nilipata bahati kwamba nilipojua nilikuwa na uwezo wa kuondoka. Ninachoomba ni kwamba dereva mwingine akijua, naye awe na uwezo huo.

Ningefurahi kusikia wahusika wakijibu kwenye ukurasa huu. Waanze na swali dogo tu: katika mabasi yanayoondoka Mbezi Luis jioni ya leo, ni madereva wangapi wana mchango wa mwezi uliopita?

Ni mimi msomaji wako,
Dereva mstaafu,
Uyole, Mbeya